Shamba Letu Limehamia Ziwani

Mimi sina ugomvi na maji ya kunywa, wala ya kuoga, wala yale ya kuchemshia chai. Ugomvi wangu ni na maji yanayotembea. Hayo ndiyo mwizi mkuu wa ardhi Gusii nzima, kumshinda hata jirani yangu, ambaye kila msimu wa kulima jembe lake huvuka mpaka kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo haijawahi hata siku moja kuelekea upande wake.

Kwetu Manga ardhi haitoshi. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Sisi wa upande wa Nyamira tuna nafuu kidogo, lakini nafuu yenyewe si ya mtu kunyoosha miguu bila kumwomba ndugu yake ruhusa. Babu alikuwa na shamba. Baba na ndugu zake wakagawana vipande. Sisi tukagawana vipande vya vipande. Watoto wangu, Mungu akipenda, watagawana kivuli cha mparachichi. Nimekaa katika baraza za chifu nikiwasikiliza ndugu wa tumbo moja wakibishana tangu asubuhi juu ya ukanda wa ardhi ambao mbuzi akilala hapo, mkia unabaki kwa mwenzake. Ziko kesi ambazo waliozianzisha wamekwisha kuzikwa mle mle shambani walimogombania, na kaburi lenyewe likaingizwa kwenye jalada kama ushahidi.

Basi huku watu wazima wakishikana mashati, mvua ya Aprili inakuja. Inateremka na mlima, inauchukua udongo wa juu, ule mweusi wenye nguvu, na kuutia mtoni. Hakuna anayemwita chifu. Hakuna anayepeleka mto mahakamani. Jirani akisogeza mpaka kwa unene wa kidole tunaamshana usiku na rungu, lakini mto unabeba ngozi nzima ya shamba mchana kweupe na sisi tumesimama barazani tukisema, mwaka huu mvua ni nzuri.

Mto ninaousema ni Gucha. Unaanzia kwenye milima ya Kiabonyoru, humu humu Nyamira, unapita Ogembo, unashuka hadi Migori, na ukifika kwa Wajaluo unabadilisha jina na kuitwa Kuja, kama mtu anayewakwepa wadai wake. Kilomita 149 za kukimbia na mali ya watu! Huko chini unakutana na Mto Migori, wanasaidiana mzigo, kisha wote wawili wanaubwaga Nyatike, kando ya Ziwa Victoria, na hapo udongo wetu unatandazwa kuwa nchi mpya. Nchi tambarare, tena. Sisi tunaopanda mahindi kwenye mteremko ambao ukiangusha kiazi inabidi ukakiulizie kwa watu wa bondeni, ndio tunaowatengenezea wengine uwanda.

Wazo la kwenda kuliona shamba hilo halikuwa langu. Mimi ni mtu wa kulalamika nikiwa nyumbani, pale chai iko karibu. Lilikuwa la mpwa wangu, kijana wa chuo, ambaye alikuja kwetu likizoni akiwa na simu moja na njaa ya watu watatu. Jioni moja akanionyesha video ya soko la Cai Rang, huko Can Tho, Vietnam, kwenye delta ya Mto Mekong. Soko lote linaelea. Watu wanauziana mananasi, maboga na supu ya asubuhi kutoka chombo hadi chombo, na kila muuzaji anasimika mti mrefu kwenye chombo chake na kuning'iniza juu yake kile anachouza, ili mnunuzi akione kutoka mbali. Ukiona nanasi juu, unajua hapo kuna mananasi.

“Mjomba,” akasema, “sisi hatuwezi kuwa na kitu kama hiki?”

Nikamwambia sisi tuna daraja la miti ambalo linahitaji mtu akiri dhambi kabla ya kulivuka, na aridhike na hilo. Lakini alikwisha kufungua ramani. Akaufuata Gucha kwa kidole, bonde kwa bonde, mpaka ukaingia ziwani. “Huku nako ni delta,” akasema. “Na udongo umetoka kwetu.” Neno hilo la pili lilinikaa rohoni. Usiku sikulala. Nililala, lakini kwa kinyongo.

Mama watoto, ambaye akiwa jikoni husikia kile tu anachotaka kusikia, akatoa kichwa dirishani. “Mkienda ziwani mje na mbuta. Na msiende mikono mitupu, kuna mikungu miwili ya ndizi hapo nje.” Hivyo ndivyo safari ya kudai ardhi ilivyogeuka kuwa ya kubeba ndizi.

Kwenye matatu kondakta aliitazama ile mikungu akasema italipa nauli kama abiria. Nikamuuliza, kama ni abiria, mbona haina kiti? Akaipa kiti. Changu. Nilifika Migori nimekalia gurudumu la akiba, nikiwa nimekunja magoti hadi kidevuni, na ndizi zimeketi dirishani zinaangalia mandhari. Kutoka Migori tukashika njia ya Macalder kwenda Sori, na joto likaanza. Watu wa Manga tunatoka nyumbani tumevaa sweta kwa sababu asubuhi ya mlimani haina huruma, na sweta yangu ni ya zile ambazo ukiivua shati linafuata. Nikabaki nayo. Mpwa wangu akasema ninatoa mvuke.

Abiria mmoja, mzee mwenye kofia ya pama, alipojua tunatoka wapi akaanza kutufundisha nchi. Akatueleza kuhusu maporomoko ya Gogo, kwenye mto huo huo Kuja, ambako miaka ya 1950 palijengwa kituo kidogo cha kuzalisha umeme kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Mgodi ulifungwa miaka ya 1960, watu leo wanachimba dhahabu kwa mikono na sururu, lakini kituo kipo bado, kinatoa megawati mbili. Shida yake ni matope. Bwawa limejaa matope. Mzee akanitazama aliposema matope. Mimi nikatazama nje. Kumbe hata hilo! Sehemu ya shamba letu haikufika ziwani, imekwama Gogo, imeziba umeme, na mimi kila stima inapopotea jioni huwa nalaani watu wasiohusika.

Sori ni mji wa Karungu, na Karungu ina historia ambayo watu wa Kisii hatupendi kuikumbuka, kwa sababu inaonyesha kuwa makao makuu ya wilaya yalikuwa huku kabla ya kupanda kwetu. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuitawala South Kavirondo, kituo chake kilikuwa Karungu, palipo na joto na mbu. Mwaka 1907 wakahamia Kisii, kwenye baridi nzuri. Ofisa wao, Northcote, akawa ameepukana na mbu wa ziwani, akakutana na mkuki wa Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, mgongoni, Januari 1908. Alipona. Ninachosema ni kwamba tangu zamani mtu akihama kati ya ziwa na mlima, kuna jambo linamsubiri.

Jambo lililokuwa linanisubiri mimi lilikuwa limesimama majini, kifua wazi, suruali imekunjwa hadi mapajani. Pale ufuoni boti haziji hadi nchi kavu. Zinasimama mbali kidogo, maji yakiwa kiunoni, na abiria wanabebwa mgongoni na vijana ambao hiyo ndiyo kazi yao. Sikuwa nimeambiwa. Vijana walikuwa wanne. Mpwa wangu, ambaye ni mwembamba, alinyakuliwa kabla hajasema neno. Ndizi zikanyakuliwa. Nikabaki mimi. Wale vijana wakanitazama kuanzia viatuni hadi kwenye sweta, kisha ghafla kila mmoja akaanza kumheshimu mwenzake: tangulia wewe, hapana, wewe ndiye mkubwa. Mwishowe akajitokeza mmoja mwenye shingo fupi, akachuchumaa mbele yangu.

“Panda, jaduong',” akasema, yaani mzee.

Mimi ni mtu wa makamo. Nina wajukuu kwa upande wa kaka yangu. Nilikuwa sijabebwa mgongoni tangu nilipoachishwa ziwa la mama, na sasa nabebwa mbele ya hadhara, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, nimemkumbatia kijana wa watu shingoni, huku mpwa wangu akipiga picha kutoka botini na kucheka hadi boti inayumba. Huwezi kuwa na heshima mgongoni mwa mtu. Nilijaribu kukaa wima, yule kijana akaguna akaniambia nijilaze, nisije nikatuangusha.

Nahodha alikuwa mtu wa maneno machache mwanzoni, nami nilimpenda kwa hilo. Akatugawia majaketi ya kuokoa maisha. Langu lilikuwa la mtoto. Nilipolalamika akasema la wakubwa liko, lakini kamba zake zimekatika, kwa hiyo nichague kati ya lisilonitosha na lisilofungika. Nikalivaa lile la mtoto juu ya sweta, likanikaa kifuani kama kitambaa cha kulia chakula.

“Mnakwenda wapi?”

“Mdomo wa Kuja.”

“Kuvua?”

“Kuangalia shamba,” nikasema.

Akavuta kamba ya injini bila kujibu. Wavuvi hukutana na watu wa kila namna.

Watu watauliza, Mkisii na maji wapi na wapi? Waache. Wazee wetu hawakuwa wageni wa vyombo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ziwa ndilo lililokuwa njia kuu ya kuifikia, na mali ya Gusii ilishushwa hadi Kendu Bay ikapakiwa melini kwenda kuikuta treni. Tofauti ni kwamba wazee wetu walipanda meli ya chuma yenye bomba la moshi, na mimi nilipanda mbao zilizopigwa misumari, zenye maji kidogo sakafuni ambayo kijana mmoja alikuwa akiyachota kwa kopo la mafuta ya kupikia, bila haraka. Nikamuuliza nahodha kina cha ziwa. Akasema kwa wastani ni mita 40, lakini hapa tulipo si kirefu. Nikamuuliza si kirefu kiasi gani. Akasema kinatosha.

Safari ya kufika mdomoni si ndefu, ila tumbo langu halikujua. Upande mmoja ni maji hadi upeo wa macho, upande mwingine ni ufuo, miti iliyokauka imesimama majini. Nahodha akasema mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo, likaishinda hata ile rekodi ya miaka ya 1960, na pale penye miti palikuwa nyumbani kwa watu. Nikatikisa kichwa. Yaani mto unaleta shamba letu hadi huku, halafu ziwa linainuka na kulimeza. Mwizi kaibiwa, na mwenye mali bado hajalipwa.

Kisha maji yakabadilika rangi. Kwanza yalikuwa ya kijani. Halafu pakawa na mstari, ng'ambo yake ni hudhurungi tupu, na boti ikauvuka mstari huo bila hata kugonga. Niliinama nikatia mkono. Nikatoa mkono. Ndugu msomaji, rangi ile naijua. Ni rangi ya viatu vyangu mwezi wa nne. Ni rangi ya ukuta wa jikoni kwetu hadi usawa wa goti. Nilitaka kusema neno la maana, lakini mpwa wangu alikuwa amenielekezea simu, nikabana midomo.

Tukaingia ndani. Mdomo wa Kuja si mdomo mmoja, ni mingi, na mafunjo yamesimama pande zote marefu kuliko mtu, ndege wameyajengea viota hadi yameinama. Njia zinagawanyika, zinakutana, zinapotea. Nahodha alipunguza injini, mwenzake akashika upondo, wakawa wanausoma mkondo kwa kubishana kidogo kidogo. Akasema njia hazikai mahali pamoja: mafuriko yakija, mto unaamka na njia nyingine, na pale ulipopita mwaka jana watu wanapanda mahindi. Mtu mmoja tukampita akiwa ndani ya mtumbwi, akivua kamongo na kambare kwa kamba ya ndoano. Akanitazama mimi na jaketi langu la mtoto, akampungia mkono mpwa wangu.

Halafu viboko. Nahodha akazima injini. Kimya. Vichwa vinne vikatoka majini, masikio yakatikisika. Nahodha akanong'ona tukae tusitikisike. Mimi nilikaa, lakini moyoni nilikuwa nahesabu. Mnyama wa tani moja na nusu anaoga katika udongo wa wajomba zangu wa Kiabonyoru bila hati ya kumiliki ardhi, bila baraza, bila hata kumpelekea mtu kuku. Na kwetu ndugu yangu hawezi kujenga choo bila kuitisha ukoo.

Walipokwisha kuzama upande mwingine nikamwaga yaliyonijaa. Nikamwambia nahodha kuwa nchi hii yote anayoiona, hadi kule kwenye mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Kuja, ni udongo wetu. Umetoka Nyamira na Kisii. Sisi tumebaki na mawe, wao wanavuna mchele, na mchele huo huo unapandishwa mlimani tukauziwa. Kwa haki ya Mungu, angalau gunia moja kwa mwaka lingekuja Manga kama kodi.

Nahodha alinisikiliza hadi mwisho. Mjaluo akinyamaza muda mrefu hivyo, jua anapanga hoja.

“Jaduong',” akasema, “udongo ni wenu?”

“Wetu.”

“Na maji?”

Nikasita. “Maji ni ya Mungu.”

“Hapana. Vikija pamoja, ni mwenyewe mmoja.” Akaniambia mvua ikinyesha kwetu alasiri, wao huku jua linawaka, hawana habari. Maji yanawafikia usiku. Yanaingia ndani ya nyumba bila kubisha, yanapandisha kuku darini, na yakiondoka yanaacha huo udongo wangu umelala kitandani. Watu wanahamia shuleni na watoto na godoro, wiki kadhaa, na mahindi yameozea shambani. “Kila mwaka tunauondoa udongo wenu nyumbani kwa koleo. Hamjawahi kutuma mtu hata mmoja kusaidia kuzoa mali yake.” Akashika usukani. “Na huko juu mmelima hadi kwenye ukingo wa mto. Mikaratusi mmepanda hadi ndani ya maji. Sasa mnataka gunia la mchele?”

Mpwa wangu akasema nahodha ana hoja. Huyu ndiye mtoto anayekula kwangu.

Nikaona nibadilishe mazungumzo, nikauliza habari za Migingo, maana nahodha alisema amewahi kuvua huko. Migingo naipenda kama mfano. Ni mwamba wa kama nusu ekari hivi, umefunikwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, na Kenya na Uganda zimeuvutania tangu miaka ya 2000, zikatuma polisi, maafisa na wapima mipaka. Watu duniani walicheka: nchi mbili zinagombania mwamba! Gusii hatukucheka. Tulielewa mara moja. Nusu ekari ni urithi wa watu watatu kwetu, na mashahidi juu. Nahodha akasema kinachogombaniwa si mwamba bali mbuta walio majini kuuzunguka. Nikamwambia hata kwetu huwa tunasema hivyo, kwamba si shamba, ni heshima, na bado rungu zinatoka.

Tuliporudi Sori boti za uvuvi zilikuwa zinaingia, na hapo ndipo mpwa wangu akaliona soko lake linaloelea, la namna yetu. Wanawake hawakungoja ufuoni. Walikuwa wameingia majini hadi kiunoni, mabeseni kichwani, wanazilaki boti kabla hazijasimama, wanashika ukingo wa boti na kupanga bei palepale, samaki bado anatapatapa. Anayengoja nchi kavu anakuta mabaki. Kelele, maji yanaruka, pesa zinatoka mahali pakavu ninapopaheshimu kwa kutopataja. Pembeni omena wametandazwa juu ya nyavu wanakauka, na ndege wameweka mikutano yao.

Kijana akasema huu ndio wakati. Kabla sijamzuia, akachukua chane moja ya ndizi, akaifunga kwenye ncha ya upondo, akausimika katikati ya boti kama watu wa Cai Rang. Ndizi ikapanda juu, ya manjano, inang'aa, inaonekana ufuo mzima.

Kelele zikapungua. Kisha zikarudi maradufu. Watu wakaanza kupiga mbinja. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha dharau, ambacho ni tofauti na kile kingine, masikio yanajua. Mzee aliyekuwa akishona nyavu chini ya mti akainuka, akatunyooshea kidole, akapaza sauti kwa Dholuo, na ufuo wote ukaangua kicheko.

Mpwa wangu alikuwa ameduwaa, maskini. Mwaka 2005 alikuwa ananyonya. Hakujua kuwa Novemba ya mwaka huo Kenya ilipiga kura ya maamuzi juu ya katiba, na kwamba alama zilikuwa mbili: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa hapana. Hakujua kuwa kando ya ziwa hili ndizi ilipigwa kura hadi ikaonewa huruma, chungwa likashinda nchi nzima, na chama kikazaliwa kwa jina lake. Na yeye sasa amekuja kuisimika ndizi juu ya mti, mbele ya watu wa Karungu, na mjomba wake Mkisii ameketi chini yake amevaa jaketi la mtoto.

“Mzee anasema nini?” nikamuuliza nahodha.

Nahodha alikuwa anafuta machozi. “Anauliza kama mmekuja kukata rufaa.”

Lakini tangazo ni tangazo. Walikuja. Mama mmoja mwenye beseni la bluu akaishika boti yetu kwa mkono mmoja, akaniambia niishushe hiyo aibu na nimwonyeshe ndizi zenyewe. Akazibinya. Nami nikamfunua samaki wake mashavu nikatazama kama bado ni mekundu. Akasema ndizi za Kisii siku hizi ni ngozi tu. Nikasema mbuta wa ziwa siku hizi ni wadogo, zamani mmoja alibebwa na watu wawili. Hapo nikawa nimegusa kidonda, akanieleza mambo ya viwanda: minofu inakatwa, inafungwa kwenye barafu, inapanda ndege kwenda ng'ambo, na wao waliomvua wanarudishiwa mgongo wazi, kichwa na mifupa, wavikaange wajisifu kuwa wanakaa ziwani. Kwa mara ya kwanza siku ile nikakutana na mtu ninayemwelewa. Sisi udongo unatoka, wao nyama inatoka. Tukalalamika pamoja vizuri sana, kiasi kwamba nilisahau bei, na nilipozinduka alikuwa amekwisha kubeba mikungu yote miwili na mimi nimeshikilia mbuta mmoja wa wastani. Mpwa wangu akasema ni biashara nzuri. Huyo hajui kuwa atakayeniuliza ni mama watoto.

Ikabaki kushuka. Wale vijana wanne walikuwa pale pale, na heshima zao zilianza tena waliponiona. Mwenye shingo fupi akaja, kwa unyonge wa mtu aliyelipia kosa kisha akaambiwa arudie. Nikapanda, mbuta mkononi, mkia wake ukimpiga kijana begani kila hatua. Katikati ya safari, maji yakiwa mapajani mwake, akasimama.

“Jaduong', tulipane hapa.”

Nikatoa noti ya hamsini, nikampitishia mbele ya uso. Akaitazama. Akasema hiyo ni ya samaki.

Nikamwambia samaki sina habari naye, yeye ni mzigo wa mkononi. Akasema aliyembeba samaki ni mimi, na aliyenibeba mimi ni yeye, kwa hiyo wote wawili wako mgongoni mwake. Hapo hasira za siku nzima zikanipanda, za gurudumu la akiba, za jaketi, za gunia la mchele ambalo sitaliona. Nikamwambia kwa sauti, ufuo wote usikie, kwamba haya matope anayoyakanyaga yametoka Nyamira kwa wajomba zangu, kwamba kwa hesabu ya haki mimi hapa niko kwangu, na haijapata kuonekana duniani mtu akatozwa nauli ndani ya shamba lake mwenyewe.

Yule kijana akafikiri kidogo. Kisha akalegeza mikono.

“Basi shuka, jaduong'. Uko kwako.”

Nikaongeza hamsini.